Vidonge vya Seleniyumu na Harufu ya Kitunguu Saumu

Nimeificha aibu hii miaka mingi, lakini leo nawaambia, mucheke tu. Wakati wa vita tulikimbia kutoka Bijombo, juu milimani, na hapa Uvira tukapokelewa na Mama Nabintu, mjane mwenye vyumba viwili. Tulikuwa watu kumi na mmoja kwa chungu kimoja, ugali na mboga ya lengalenga bila mafuta, na mtu kula kwa kujificha lilikuwa kosa kubwa kuliko yote. Miye nilishuka na rovu, uvimbe mukubwa wa shingoni (wenye adabu walilitazama kwa pembeni), basi muganga wa kituo cha afya akanipa chumvi ya iyodi na kopo la vidonge.

“Hii ni seleniyumu,” akaniambia. “Inasaidia tezi ya shingo kutumia ile iyodi. Kila siku kimoja.”

Kimoja. Lakini Pasaka ilikaribia, nilitaka kusimama mustari wa mbele wa kwaya na shingo kama ya wengine, nikawaza kwamba vitatu asubuhi na vitatu jioni vitaharakisha. Baada ya majuma machache mdomo wangu ulinuka kitunguu saumu, nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, nikafunga kitambaa kichwani nisimwambie mtu.

Jumamosi moja, katikati ya mazoezi, Mama Nabintu aliyesimama kando yangu akaacha kuimba.

“Nyota, weye unakulaka wapi?”

“Sikuli popote, mama.”

“Na hiyo harufu ya saumu? Kwangu haiko. Fungua huo mufuko wako.”

Nikaukumbatia ule mufuko (mwizi gani angefanya vingine?), akauvuta, nikavuta, kopo likaanguka, vidonge vikatawanyika, nami nilipoinama niviokote, kitambaa kikadondoka na nywele nyingi ndani yake. Kwaya nzima ikaona kichwa changu chenye mabaka. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Mama Nabintu akanifunika kwa kitenge chake, akanishika mkono mpaka kwa muganga.

“Ikizidi ni sumu,” muganga akasema. “Harufu na nywele, yote ni hiyo. Acha kabisa kwanza.”

Njiani Mama Nabintu akasema polepole, “Nisamehe, nilikudhani mwizi.” Kisha akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa chini, nami nikakaa nikacheka naye.

Pasaka niliimba mustari wa nyuma, rovu likiwa palepale. Nywele zilirudi. Na mpaka leo, muganga akiniambia kimoja, namuomba arudie huku Mama Nabintu akisikia.