Siku Niliyowasugua Panya Mikia

Panya wa utafiti wangu wa uzamili walikuwa makundi mawili. Kundi moja nililidunga mara kwa mara dawa ya kuleta kifafa, hadi ishara za ubongo zikavurugika na dozi ndogo ikatosha kuwaangusha. Jingine nililidunga maji ya chumvi tu. Wino mkiani ndio uliowatofautisha. Asubuhi ya watahini kuja, mimi mama wa mji wa Nkubu nisiyepokea wageni penye uchafu, niliwasugua mikia kwa sabuni. Wino ukatoka. Kwa aibu, nikawagawa upya kwa kukisia.

"Huyu ni wa maji ya chumvi," niliwaambia watahini. "Dozi ndogo haitamtikisa."

Nikamdunga. Akaanguka, miguu yote minne ikitetemeka.

"Mama Kendi," akauliza msimamizi wangu, "hiyo chumvi yako ni ya wapi?"

"Niliosha alama, Daktari. Nitaanza upya, hata nikihitimu siku moja na mjukuu wangu."