Mdogo wangu kwenye gari la matangazo

Mdogo wangu alikufa Shaabani. Ramadhani ilipoingia, nikamsikia barabarani anauza mafuta ya nazi.

Nilikuwa nachambua kunde. Gari la matangazo likapita, spika juu: "Shikamooni wakubwa! Ramadhani hii, futari bila mafuta yetu hainogi!" Sauti yake kabisa, ya puani, na kile kicheko cha kuku aliyekanyagwa. Jirani akatoka mbio na upawa mkononi.

"Dada! Huyo si marehemu?"

"Ndiye. Huko ahera kakosa wa kumpigia domo, karudi."

Nikaendelea na kunde zangu. Si ujasiri. Moyoni sikusikia kitu, kama mguu ulioukalia ukafa ganzi.

Alipokuwa hai, wenye kiwanda cha mafuta walimchukua siku moja wakamrekodi, maana Kerege nzima ilimjua kwa maneno. Gari likipita na tangazo lake, mimi naitika toka uani, "Marahaba, domokaya wee!" Yeye yuko jikoni kwangu, ananirushia kitambaa. Lakini la Ramadhani hakulisema kamwe.

Mimi naiga kila mtu: mwadhini, muuza samaki, mkwe wangu akikoroma. Mdogo wangu, tangu tumzike, sijamwiga.

Gari liliporudi, nikamwambia dereva aniitie wakubwa zake. Akaja binti wa ofisini kutoka Dar, mtandio unamteleza.

"Shikamoo bibi. Pole sana, yaani. Hatukujua kama amefariki. Mtambo ndio umetengeneza. Unaupa sauti ya mtu, unauandikia maneno, unasema kama yeye."

"Marahaba. Huo mtambo ulijipandisha wenyewe kwenye gari?"

"Hapana, bibi."

"Sasa nani aliuambia useme?"

Akaurudisha mtandio kichwani. "Mimi. Na bosi akapitisha bila kusikiliza."

Akasema tangu dereva awaambie, ofisini wameweka utaratibu. Sauti ya mtu haisemeshwi neno jipya mpaka mwenyewe akubali, na akifa waulizwe ndugu zake. Kila tangazo lina mtu wake wa kulisikiliza kabla halijatoka, na likiharibika, kosa ni lake.

"Kwa hiyo bibi, yaani, tuendelee au tufute?"

"'Yaani, tuendelee au tufute,'" nikamrudishia kwa sauti yake. Akacheka, halafu akaona haya.

Akatoa simu, akanisikilizisha salamu mbili: moja ya mdogo wangu, moja ya mtambo. "Ya kwake ipi?"

Nikasema ya pili. Binti akainamisha macho. Ya pili ilikuwa ya mtambo.

Mimi, niliyelala naye mkeka mmoja tangu utotoni. Hata hilo halikuniuma. Nikakaa nalisubiri liume, wapi.

"Ukitaka, bibi, naweza kukuachia sauti yake wewe peke yako. Aseme unachotaka. Hata akuite."

"Mwache amwite!" jirani akadakia.

Nikawaza, aniite aseme nini? Kila atakalosema nitakuwa nimemtuma mimi.

"Futa. Bakisha alilosema kwa mdomo wake."

Akapiga simu ofisini hapohapo, nasikia, wakafuta.

Kesho yake gari likapita. "Shikamooni wakubwa!" Jirani akanitazama. Kwa sikio langu sijui kama ni yeye. Nilikuwa na neno la yule binti tu.

"Marahaba," nikaitika. Domokaya sikuongeza.