Ujumbe Uliobaki kwenye Foleni

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, ndipo nianze. Nimeshachekwa sana kwa kisa hiki, na wengi waliocheka hawajawahi kukaa bonde la Kilombero masika yakiwa yamechachamaa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, ofisini, nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi ni fundi wa programu za kompyuta. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa na chama kimoja cha wakulima wa mpunga hapa Ifakara, na kazi yangu ilikuwa kuwatumia wakulima meseji za tahadhari ya mafuriko. Kwenye kompyuta yetu kulikuwa na programu mbili. Ya kwanza ilipokea vipimo vya maji kutoka kwa watu tuliowaweka huko juu mitoni. Ya pili ilituma meseji kwenye simu za walioko bondeni. Programu hizi hazikuonana wala kusubiriana. Ya kwanza ikipata kipimo ilikiweka kwenye foleni inayotunzwa na mfumo endeshi wenyewe, ikaendelea na mambo yake. Ya pili ikiwa tayari ilikuja kukichukua. Kila ujumbe ulikuwa na namba ya aina yake. Aina ya kwanza ni kina cha mto, aina ya pili ni mvua. Nyingine hatukuwa nayo, na programu ya pili ilijua kuchukua hizo mbili tu.

Na jambo moja ulishike, maana bila hilo hutanielewa. Ujumbe ukishaingia kwenye foleni ile, hata programu iliyouweka ikifa, ujumbe haufi nayo. Unakaa palepale ukimngoja wa kuuchukua, mpaka kompyuta izimwe.

Mmoja wa wasomaji wetu wa vipimo aliitwa Mzee Gaudensi. Msimu wote wa mvua alikuwa akikaa Masagati, mbele kabisa ya Mlimba, na sikuwahi kumtia machoni. Nilimjua kwa sauti tu, kwa kuwa kila alipotuma kipimo kwa meseji hakuamini kama kimefika mpaka apige simu.

"Binti, umenipokea?"

"Shikamoo mzee. Nimekupokea."

"Marahaba mwanangu. Haya, fanya kazi." Anakata. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, asubuhi na jioni.

Siku yenyewe mvua ilikuwa haijakatika tangu juzi yake. Kipimo cha Mzee Gaudensi kilifika asubuhi, cha kawaida kabisa, lakini simu haikufuata. Nikadhani ni mtandao. Mchana umeme ukakatika, tukabaki na betri, nikaona nikague foleni kama kuna kilichokwama. Foleni ile huwa tupu muda wote, kwa sababu programu ya pili haina subira, kikiingia kitu inakimeza. Siku ile kulikuwa na ujumbe mmoja umekaa. Aina ya saba.

Saba? Nani kaweka saba? Mimi ndiye niliyeandika programu zote mbili, kwa mkono wangu. Mfumo huonyesha namba ya programu iliyoweka ujumbe wa mwisho, nikaitafuta namba hiyo kwenye kompyuta nzima. Hakukuwa na programu kama hiyo. Na foleni ile huonyesha namba ya aina tu, maneno ya ndani hayachunguliki: ukishasoma ujumbe, umeutoa. Nikabaki naukodolea macho kama mtu aliyekuta kiatu cha mgeni sebuleni kwake.

Dada Leonsia, karani wetu, alikuwa dirishani anakunywa chai. "Mbona unajihangaisha?" akaniambia. "Zima, washa. Itapona."

Nikapeleka mkono kwenye kitufe. Niamini, kidole kilikuwa juu yake kabisa. Ndipo nikasikia hodi.

Mlangoni alisimama mtu mzima, mrefu, shati limemganda mwilini kwa maji, amebeba kiroba begani. Nikasema karibu. Hakuingia. Nikamwambia, "Shikamoo."

Hakuitikia.

Wewe umekulia nchi hii, unajua. Mtu mzima anaweza kuwa na hasira, anaweza kuwa mgonjwa, lakini shikamoo yako ataiitikia hata kwa kuguna. Yule alinitazama tu, macho kama ya mtu aliyetembea usiku kucha. Kisha akasema, "Binti, nipokee."

Sauti ile niliijua. Lakini mkono wa adabu ulishatangulia, kwani mkubwa akikufikia na mzigo unasimama umwangalie tu? Nikamwendea, nikakipokea kiroba kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotarajia, na baridi yake si ya mvua. Ilikuwa baridi ya chini ya mto, pale miguu inapozama kwenye tope. Nikageuka nikitue kwenye benchi.

Mikononi sikuwa na kitu.

Nilikuwa nimelowa mpaka viwikoni, maji yananidondoka, na mikono ni mitupu. Nikageukia mlangoni. Hakukuwa na mtu. Sakafu pale aliposimama ilikuwa kavu.

"Unaongea na nani?" Leonsia akauliza.

 Nilikaa kwenye kompyuta, nikaandika programu fupi ya kupokea aina ya saba peke yake, vidole vinateleza kwa maji. Nikaiendesha. Ujumbe ukatoka:

*Mwambieni Agripina atoke bondeni leo na watoto. Mimi siji.*

Leonsia alikuja kusoma juu ya bega langu. "Agripina si mke wa Mzee Gaudensi? Tunasali naye jumuiya moja. Yuko shambani anaamia ndege wasile mpunga." Akampigia. Simu haipatikani. Tukampigia mzee. Haipatikani.

Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Vipimo vyote vilisema mto umetulia. Nikiwatia watu hofu ya bure, waache mpunga unaokaribia kuiva uliwe na ndege, kibarua changu kimeota nyasi. Lakini mikono yangu ilikuwa bado inadondosha maji. Nikaandika tahadhari, nikaitia kwenye foleni mwenyewe kama aina ya kwanza, na programu ya pili ikaichukua bila kuuliza, ikaisambaza bonde zima. Kisha nikapanda bodaboda.

Pikipiki iliishia mwisho wa tuta. Nikavua viatu, nikakata tope mpaka kwenye dungu la mama Agripina, kibanda chao cha kulindia shamba kilichoinuliwa juu ya nguzo. Nilimkuta chini anachochea moto wa kuni mbichi, watoto wawili wadogo wamejikunyata juu. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikamwambia atoke.

"Nani kasema?" akauliza bila kuinua uso.

"Mzee Gaudensi."

"Kakupigia simu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ulimi ukakataa. "Hapana, mama. Amekuja ofisini."

Akaacha kuchochea. Kutoka Masagati mpaka Ifakara, kwa barabara ile, kwa mvua ile?  Kisha akaniuliza polepole, "Ulimwamkia?"

"Nilimwamkia."

"Akaitikia?"

"Hakuitikia."

Mama yule hakulia. Alikaa chini, palepale kwenye majivu, akashika kichwa. Halafu akasimama, akaikaza khanga kiunoni, akawaita watoto kwa majina yao, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mmoja akamweka mgongoni, mwingine nikambeba mimi. Sufuria tuliliacha motoni.

Maji yalikuja usiku ule. Sitakueleza yalivyokuja, waliokuwepo wanajua. Asubuhi upande ule wa bonde haukuwa na dungu hata moja lililosimama. Wenye madungu walikuwa wameshatoka, wengine wakinitukana njia nzima.

Habari za Masagati zilitufikia barabara ilipopitika. Mzee Gaudensi alituma kipimo cha asubuhi akiwa ukingoni. Maji yakapanda ghafla, akarudi kukisoma tena, na ukingo ukakatika naye watu wakimwona. Simu yake ilikuwa mfukoni. Mfumo wa kompyuta hukumbuka saa ambayo ujumbe wa mwisho umeingia kwenye foleni. Ule wa aina ya saba uliingia wakati watu wa kule walikuwa wameshaanza kumtafuta mtoni. Walimpata maji yaliposhuka, akazikwa vizuri, na padri alikuwepo.

Ungesema yameisha. Hayajaisha.

Ile programu fupi niliyoiandika siku ile bado inafanya kazi. Nimejaribu kuiondoa, mkono unagoma. Kila masika, mvua ikishika milima ya juu, unaingia ujumbe mmoja wa aina ya saba, na mikono yangu inakuwa baridi mpaka viwikoni hata kabla sijautazama. Naupokea. Ndani hamna kitu, hamna hata herufi moja. Kompyuta tumebadilisha, ofisi tumehama, bado unaingia. Mama Agripina siku hizi anakaa mjini, hataki kusikia habari za bondeni. Lakini mvua zikianza hunipitia ofisini, anasimama kando ya meza yangu.

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu, mama."

"Umempokea lakini?"

"Nimempokea."

Anaitikia kwa kichwa, anakwenda zake.

Basi nakuonya, hasa wewe unayefanya kazi kama yangu. Ukikuta kwenye foleni yako ujumbe ambao hujui umewekwa na nani, usiwe mwepesi wa kuzima na kuwasha. Ukizima, ujumbe umepotea, na hakuna wa kuutuma mara ya pili. Usome kwanza. Ila kaa ukijua kwamba ukishaupokea, umekuwa mpokeaji, na kazi hiyo sijaona pa kuiachia.