Evarista na Prosesa Mbili

Evarista wa Nyamiaga alirekodi harusi, ubatizo na misiba, na watu walimheshimu kwa sababu moja: aliweza kumfanya bwana harusi mwenye sura ya mgonjwa wa malaria aonekane amefurahi. Mama yake, Selestina, hakuona kazi yoyote hapo. Yeye aliyevuka mpaka kutoka Burundi na mtoto mgongoni, akaanza maisha upya kwa jembe, alisema kukaa kitini ukitazama harusi za watu ni umbeya wenye waya.

Balaa lilianzia kwa kwaya ya kigango kimoja cha Kirushya. Mwalimu wao, Leonidasi, mtu mfupi mwenye tumbo la kuwatosha wawili, alitaka kwenye ubeti wa mwisho wa video yao aonekane akipaa mawinguni. Evarista akampiga picha shambani, akatia mawingu, kisha akaiagiza laptopu yake iipike video, maana ndivyo alivyoiita kazi ya kuunganisha vipande vyote kuwa filamu moja. Laptopu ikahema, ikapata moto, ikaganda. Mwalimu akabaki kichwa mbinguni, miguu kwenye maharage. Evarista alijaribu kuiwasha tena na tena mpaka ikakata roho.

Ilibidi anunue nyingine, na waliotaka kumuuzia walikuwa wawili. Wa kwanza ni Wiston, mwenye kibanda cha michezo ya kompyuta mjini Biharamulo. Laptopu yake ilikuwa na vitufe vinavyowaka rangi zote, na sifa za prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, alizitoa kwa sauti ya mhubiri wa stendi. Wa pili ni Felisita wa Nyarubungo, mchoraji wa kadi za harusi, ambaye kaka yake alikuwa amemletea mashine mpya, hivyo akawa anauza aliyokuwa akiitumia. Yeye alisema tu kwamba prosesa yake ina viini vingi vidogo vinavyogawana kazi kama watu wa palizi, kila mmoja na tuta lake, na wala haili umeme sana.

Evarista hakumwamini hata mmoja. Akawaita wote Jumamosi kwenye ukumbi wa kigango, akaziweka laptopu mezani, akazipa video ileile ya Leonidasi zianze kuipika kwa pamoja. Wanakwaya waliokuja mazoezini wakaacha kuimba na kugawanyika: besi upande wa Wiston, sauti ya pili upande wa Felisita.

Ya Wiston ilitoka mbio. Ilikuwa imefika ubeti wa pili wakati ya Felisita ingali kwenye utangulizi, na besi wakaanza kutamba. Lakini kadiri ilivyopata moto ndivyo ilivyopunguza mwendo, huku feni zake zikinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Wiston akachukua kitabu cha nyimbo akaipepea. Felisita alikuwa anakula karanga.

Katikati ya hayo akaingia katekista Paschal kujaribu kipaza sauti chake cha kesho. Hakuuliza mtu. Alichomoa waya uliolisha laptopu zote mbili, akachomeka wake, akaanza kuhesabu moja mbili, moja mbili. Kwa betri peke yake, ile ya Wiston ikaanza kujikokota kama mtu anayepelekwa kwa mkwewe, na haikuchukua muda ikazima. Ya Felisita iliendelea taratibu mpaka Leonidasi akapaa mzima, na tumbo lake, na viatu vyake.

Wiston akadai haki. Akaomba zichomekwe upya ili wajaribu mchezo wa mpira. Hapo laptopu yake iling'ara kweli: wachezaji walikimbia mpaka jasho likaonekana. Kwa Felisita walitembea kama watu wanaopeleka sadaka.

“Kwa mpira umeshinda, kaka yangu,” Evarista akamwambia. “Lakini mimi kazi yangu iko chini ya turubai, kwa umeme wa kuazima.”

Wiston alinuna hadi alipofunga mkoba, kisha akamwomba aje kumtengenezea tangazo la kibanda. Felisita akamkabidhi Evarista mashine pamoja na chaja na maganda ya karanga yaliyokuwa yameingia kwenye vitufe.

Tangu hapo Evarista alianza kuhariri palepale shereheni. Kwenye harusi ya jirani yao Iteka, watu wakiwa bado wanashindana na ndizi na nyama, yeye aliipika sehemu ya kanisani kwa betri, akaionyesha ukutani kabla keki haijakatwa. Ukumbi mzima ulijiona. Bibi harusi alilia. Mjomba mmoja alijikuta anasinzia wakati wa viapo, akaondoka kwenda kutafuta rubisi, ile pombe ya ndizi.

Selestina naye alionekana kwenye video, akicheza ngoma ya kwao mlangoni mwa kanisa, mikono juu, akiwa mwepesi kama msichana. Mwenyewe alijitazama ukutani mpaka picha zikaisha. Evarista akasogea na kuketi karibu naye.

“Hiyo mashine yako ni nzuri,” mama akasema. “Lakini imeninenepesha. Iambie ipunguze hapa ubavuni, halafu unionyeshe tena.”

Evarista akaifungua laptopu.