Sakafu Isiyo na Unene

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo ikinijia huwa naacha nilichokuwa nikifanya. Si ya msiba wala ya harusi. Ni asubuhi niliyosimama mbele ya watu kwenye uwanja wa ujenzi nikamwita fundi wetu mwizi. Nilikuwa na miaka ishirini. Sasa nimepita arobaini, nimehama miji mpaka nimechoka kufunga mizigo, na asubuhi hiyo imehama nami kila nilikokwenda.

Ilikuwa Malindi, mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata kazi kwa Mtaliano mmoja aliyechora nyumba za wageni, tuliyemwita Bwana Sandro. Mwaka ule alileta kompyuta. Wewe umezaliwa ukazikuta hata mifukoni mwa watu, lakini yetu ilikuwa ikichunguliwa dirishani kama bibi harusi. Kwa kuwa nilijua kupiga taipu kidogo, nikapewa kiti mbele yake, na tangu siku hiyo nikaanza kutembea kama mtu mkubwa.

Nyumba ya kwanza niliyoichora humo ilikuwa ya ghorofa moja. Kuta za matumbawe, sakafu ya juu ya boriti za mikoko zilizofunikwa kwa mawe na chokaa kama nyumba za kale, na paa kubwa la makuti. Upande wa mbele paa hilo lilibebwa na nguzo nane ndefu zilizotoka ardhini, zikapita ghorofani, zikafika juu. Programu ile haikulielewa paa la namna hiyo. Ukiliinua, linaacha pengo juu ya ukuta. Ukilishusha, linapenya chumba cha juu. Sakafu nayo haikukutana na kuta, palibaki ufa pande zote nne. Nilihangaika siku nne. Siku ya tano nikaiambia kompyuta kwamba sakafu ya ghorofa haina unene wowote, ni mstari tu. Ufa ukaziba. Paa likakaa kama kofia kichwani. Bwana Sandro akaja, akatazama, akanipiga begani. Sikumwambia nilivyofanya. Nilijiambia kwamba ni jambo dogo la ndani ya mashine, halimhusu mtu.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Athmani, mtu mwembamba wa ukoo uliotoka visiwa vya kaskazini, mkazi wa mtaa wa Kisumu Ndogo. Hakutumia michoro. Alikuwa na ufito mmoja mrefu sana, na kila kimo cha nyumba alikikata alama humo kwa kisu: hapa kizingiti, hapa dirisha, hapa boriti. Mimi ufito ule niliushuku. Mtu anayeweka vipimo vyake mahali ambapo mwingine hawezi kuvisoma, niliwaza, ana lake. Yeye naye aliishuku kompyuta yangu, ila hakunificha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hiyo televisheni yako imesemaje leo?"

"Imetoa urefu wa nguzo. Huu hapa."

Akaitazama karatasi kidogo, akanirudishia. "Mimi nguzo huziacha ndefu mpaka sakafu ya juu itandikwe. Ikizidi naipunguza. Ikipungua, utairefusha wewe?"

"Kompyuta haikosei, Mzee. Kata tu."

"Imewahi kupanda ngazi, hiyo?"

Vibarua wakacheka, na mimi sikupenda kuchekwa. Nilikwenda kwa Bwana Sandro nikarudi na amri yake. Nguzo zikakatwa, zikasimamishwa, na miguu yake ikazikwa kwenye saruji.

Wiki zikapita, sakafu ikatandikwa, kuta za juu zikapanda. Siku ya kuanza paa ikaonekana kwamba nguzo zote nane ni fupi kwa karibu mkono mzima, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole.

Bwana Sandro aliniuliza mimi kwanza. Mwanangu, mahali fulani ndani yangu nilijua pa kwenda kutazama. Sikwenda. "Karatasi iko sawa," nilisema. "Labda zimekatwa zaidi." Miguu ya nguzo ilikuwa ndani ya saruji, na hakuna ambaye angeweza kuzipima tena. Lile neno "labda" lilinitoka jepesi sana. Lakini lilipokwisha kutoka nilianza kuliamini.

Tangu saa hiyo kila alichofanya Mzee Athmani kikawa ushahidi. Akinyamaza, nasema anaficha. Akizungumza na dereva wa lori la mbao, nasema wanapatana. Alasiri moja nikapita kwake Kisumu Ndogo kana kwamba naenda dukani, na kando ya jiko la mkewe nikaona vipande vya nguzo, vimepangwa vizuri. Nikavihesabu: vinane. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikaweka mkono wangu juu ya kimoja. Kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, sawasawa. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, Mungu anisamehe.

Asubuhi yake, vibarua wote wakiwapo na Bwana Sandro amesimama pembeni, nikasema: "Mzee, kile kilichopungua hapa kiko jikoni kwako. Vipande vinane."

Hakushtuka. "Viko. Masalio ya mti ni ya fundi, tangu zama za babu yangu. Au ulitaka nikupe ukapikie chai?"

Mmoja alicheka, akaona wengine hawacheki, akaacha.

"Umekata zaidi ili ubaki navyo," nilisema. "Huo ni wizi."

Mzee Athmani alimgeukia Bwana Sandro, akamngoja aseme. Bwana Sandro alitazama nguzo, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili chake kifupi, "Basi. Kazi hapana." Mzee akakusanya msumeno na patasi zake kwenye kikapu, akaondoka. Ufito wake ulibaki umelazwa kando ya ukuta. Kabla ya siku tatu kupita, familia moja ya mtaa wa Barani iliyokuwa imemwahidi kazi ya kuijengea nyumba ikamchukua fundi mwingine.

Ikabidi tuagize nguzo mpya, na fundi mgeni akataka urefu. Nikaogopa kuutoa tena kwenye karatasi ile ile. Kibarua mmoja, Kahindi, mtu wa Vitengeni asiyependa maneno mengi, akasema, "Ufito wa mzee si ule? Upime."

Niliupima kwa futi ya utepe, alama kwa alama, karatasi mkononi. Kizingiti sawa. Dirisha sawa. Chini ya boriti za ghorofa sawa. Halafu palikuwa na alama mbili, na kati yake karibu mkono mmoja: ya chini ni mahali boriti zinapoanza, ya juu ni mahali mguu wa mtu unapokanyaga. Unene wa boriti, mawe na chokaa. Kwenye karatasi yangu alama hizo mbili zilikuwa mstari mmoja. Kutoka hapo kwenda juu, kila kitu changu kilikuwa chini kwa mkono mmoja. Vile vipande vinane vya jikoni vilikuwa urefu ambao mimi mwenyewe niliamuru ukatwe.

Nilirudi ofisini nikaipa sakafu unene wake. Ule ufa ukarudi, kisha nikaiona sababu yake: kuta za juu nilikuwa nimezipima kuanzia chini ya sakafu badala ya juu yake. Nilipozisahihisha, ufa ukaziba wenyewe, na paa nililiinua likakaa bila kupenya popote. Kazi ya nusu saa. Nikakaa nayo siku mbili bila kumwambia mtu. Nilihofia kazi yangu, na nilimshuku hata Kahindi kwamba amekwisha kujua na ananivizia.

Siku ya tatu nilimwambia Bwana Sandro. Alinifokea mpaka uso ukamwiva. Hakunifukuza, labda kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kukaa kwenye kile kiti. Akanituma nikamwite Mzee.

Nilimkuta kibarazani anatia makali msumeno. Nikamweleza yote bila kupunguza. Hakuinua macho.

"Uliponiita mwizi ulikuwa wapi?"

"Kazini, Mzee."

"Mbele ya nani?"

"Watu wote."

"Na haya ya leo umemwambia nani?"

"Bwana Sandro. Ofisini."

"Basi ofisini mimi ni mtu mwema," alisema. "Kazini bado mwizi. Na Barani pia."

Kesho yake niliwakusanya vibarua nikawaambia kosa lilikuwa langu, na jinsi nilivyolifanya, na kwamba nilikuwa nikijua pa kulitafuta nikakataa. Halafu nikaenda Barani, kwa ile familia. Walinisikiliza kwa adabu, wakanipa kahawa. Nyumba haikurudi kwa Mzee Athmani, kwani fundi wao alikuwa amekwisha kuchimba msingi.

Mzee alirudi kazini akalisimamisha paa lile, na lilikuwa zuri. Lakini kuanzia siku hiyo hakukata mti wowote bila kuniita. "Njoo usimame hapa, bwana mdogo. Tazama ninapotia msumeno. Tazama vizuri." Na kipande kikianguka, hata cha urefu wa kidole, alikiokota akaniwekea mkononi. Sikuwahi tena kuona masalio jikoni kwake. Nilipoacha kazi ile na kuanza kuzurura kwangu, nilikwenda kumuaga. Aliniombea safari njema, kisha akaniuliza kama ningependa kukagua ndani kabla sijaondoka. Sikujua kama anatania. Hata leo sijui.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayechora nyumba nzima kwa kidole, nisikilize. Mistari ikikutana kwa urahisi baada ya kukusumbua muda mrefu, usifurahi mapema. Rudi utazame ulichokiondoa ili ikutane. Kazi ikiharibika, anza kujishuku wewe, na uende pale hasa ambapo hutaki kwenda. Ukimshuku mtu, mwendee umuulize mkiwa wawili, kabla hujampitia mlangoni ukijifanya unafunga kiatu. Na ikiwa umekwisha kumchafua hadharani, msafishe hadharani, siku hiyo hiyo, usingoje hata siku mbili. Nami siwezi kukuahidi kwamba atakuamini tena.

Mungu akupe jicho la kuona kosa lako kabla ya la jirani, na ulimi mzito kutuhumu. Akupe watu watakaokufungulia mlango bila kukuuliza umekuja kutafuta nini. Amina.