Rubisi Iliyotoka Ijumbi

Karugendo wa Nshambya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mashaka tu, na mashaka yake hayakujua likizo. Fundi cherehani huyu akialikwa harusini alikwenda na glasi yake mwenyewe, ameifunga kwenye leso na kuitia mfukoni mwa koti. Samaki aliwanusa mpaka wauzaji wakamfukuza. Padri akihubiri upendo, yeye aliangalia nani anaitikia "Amina" kwa sauti kubwa kupita kiasi, maana huyo ndiye wa kuchungwa.

Lakini kwenye vinywaji mashaka yale yalimpa heshima. Mvinyo wa ndizi wa chupa, rubisi ya kibuyu, ile pombe ya Wahaya ya ndizi na mtama, hata mvinyo wa zabibu ulioletwa kutoka Dodoma, vyote vilipita puani kwake kabla ya kuruhusiwa kinywani. Imani yake ilikuwa moja: kinywaji kizuri hutoka kwenye baridi. Ndizi za mwambaoni mwa ziwa, alisema, huiva kwa pupa, na rubisi yake huchachuka kwa pupa na kukukwaruza koo. Ndizi za vilimani Muleba, ambako ukungu unachelewa kuondoka migombani, huiva taratibu, na kinywaji chake hushuka kwa adabu. Vijana wa mtaa wa Kitendaguro walimfuata awachagulie pombe za sherehe.

"Msiulize rangi," aliwaambia. "Ulizeni kama huko ilikotoka watu huamka wakitafuta sweta."

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alizaliwa huko huko kwenye baridi, Ijumbi, na hakuwa amekanyaga tangu walipomzika baba yake. Siku ile dada yake, Klaudia, alimpa rubisi bila kuionja. Kwa Wahaya hilo si jambo dogo. Anayempa mtu pombe hutangulia kunywa funda moja mbele yake, mnywaji ajue kuwa hakuna kitu ndani. Klaudia alimkabidhi kibuyu, akageuka akaenda zake. Karugendo akanywa kwa kuona haya mbele za watu, na jioni tumbo likamshika. Waombolezaji wengine nao waliharisha, na nyama ya msibani ilisemwa sana, lakini yeye hilo hakutaka kulisikia. Alirudi mjini akiwa na hakika kwamba dada yake anakitaka kibanja cha baba, lile shamba la migomba, peke yake. Tangu hapo salamu zake hakuzijibu.

Sasa binti yake wa pekee, Dativa, alikuwa amepata mchumba, Onesphory, mwalimu. Karugendo alipoambiwa kwamba ukoo wa kijana ni wa Ijumbi, alinuna wiki nzima. Na Dativa alijua kinachomngoja: baba asipoinywa pombe ya wakwe, posa imekufa.

Wakwe walifika Jumamosi mchana. Mshenga wao, mzee Rutaihwa, aliweka vibuyu vitatu sakafuni.

"Tumesikia sifa zako, waitu. Chagua mwenyewe utakachokunywa."

Karugendo akakunja uso. Kwa nini vitatu? Mtu mwenye nia njema huleta kimoja. Alimngoja Rutaihwa aonje cha kwanza, akakinusa na kukisukuma pembeni. "Ya ziwani." Cha pili alikinusa kidogo tu. "Hii imetiwa sukari. Mnanichukulia mtoto?" Wageni wakatazama miguu yao. Mlangoni mwa jiko Dativa alikuwa ameshika khanga yake kwa mikono miwili.

Cha tatu alikinusa muda mrefu. Rutaihwa alipokwisha kuonja, Karugendo akapiga funda. Akapiga la pili, akafumba macho.

"Hii ni ya vilimani," alisema polepole. "Haikuharakishwa. Mtama wake umekaangwa vizuri. Huu mkono naujua. Marehemu baba alikuwa anatengeneza hivi hivi." Akanywa tena. "Aliyeitengeneza hii ana moyo safi. Mwenye kinyongo hawezi kutoa kitu kama hiki."

Ndipo mashaka yake yakaamka.

"Kaitengeneza nani?"

Rutaihwa akakohoa. "Dada yako, waitu. Klaudia. Kukamua ndizi ni kazi ya wanaume, lakini wewe ulikuwa mjini, baba yenu akamfundisha yeye. Yuko nje na akina mama."

Karugendo akaweka kibuyu chini haraka. Tumbo likaanza kumuuma papo hapo, au alidhani linamuuma.

"Mmenipanga!"

"Tumekupanga," Rutaihwa akakubali bila aibu. "Ungeambiwa mapema ungekunywa?"

Klaudia akaitwa, akaingia, akapiga magoti kumsalimu kaka yake, na magoti yenyewe yalikuwa ya mwanamke mzee. Karugendo alikuwa amemtunza akilini kama mwanamke mwenye nguvu na hila. Huyu alilazimika kushika ukuta ili ashuke.

"Siku ya mazishi hukuonja," akasema Karugendo. Alilisema mbele ya wakwe wote, na Dativa akafunika uso.

"Sikuonja, kaka."

"Kwa nini?"

Klaudia alimtazama kwa mshangao. "Nilikuwa nalia. Koo lilikuwa limefunga, hata mate hayapiti. Si tulikuwa tunamzika baba?"

Karugendo akalitafuta tundu kwenye jibu lile. Aliligeuza huku na huku, kama anavyokagua kitambaa dirishani kabla ya kukikata, na hakuliona. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Kila Pasaka nilituma salamu. Nikasema labda kaka amekuwa mtu wa mjini."

Klaudia akanyoosha mkono achukue kibuyu, amwonjee. Karugendo akakisogeza mbali naye.

"Usionje," alisema, akakiinua, akanywa funda refu mbele ya watu wote. Wanawake wakapiga vigelegele. Dativa alikuwa akicheka na kulia mlangoni, maana posa ilikuwa imepokelewa.

Kisha fundi Karugendo akainama, akamwekea dada yake kibuyu mikononi.

"Kunywa, Klaudia," alisema. "Nilikuachia ule msiba ukauomboleza peke yako."