Jogoo wa Ijumaa Kuu

Ijumaa Kuu iliyopita, kanisani Nkubu, jogoo aliwika kutoka kwa simu, na watu wakatazama kama wanaouona mara ya kwanza mchezo ule wa kale wa Petro kumkana Yesu.

Utotoni mwangu jogoo alikuwa wa kweli, tena wetu. Mama alimbeba ndani ya kiondo kilichonuka manyoya na pumba, amfinye awike Petro akishakana mara ya tatu. Petro alikuwa baba, amejifunga shuka la kitanda chetu.

"Simjui mtu huyo!" alisema, kwa sauti ile ile niliyoisikia wiki hiyo langoni kwetu, mwanamke mgeni alipokuja na mtoto mgongoni, naye akamwambia: "Mama, mimi sikujui."

Mama hakumfinya jogoo. Alitoka na kiondo chake, akilia. Nilidhani anamhurumia jogoo, nikamkimbilia.

"Mama, hataumia."

"Nyamaza, twende nyumbani."

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua mtoto yule ni ndugu yangu.

Safari hii baba, mzee sasa, aliketi kando yangu. Simu ilipowika, aliinama akaanza kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa gambuti za mpira.